Uzi: Cheti cha kutakasa vifaa vya upasuaji, nianze na kitabu au nianze na sinki?

Zamu ya Usiku

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa mawazo, na mwenye kejeli aiweke mfukoni kidogo mpaka nimalize.

Niliingia hospitali kama mhudumu wa usafi. Huu ni mwezi wa tano tangu nihamishiwe kitengo cha kutakasa vifaa, hiki ambacho wengi tunakiita CSSD. Kufundishwa sijafundishwa. Siku ya kwanza nilioneshwa otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke, nikaambiwa trei zinaingia hapa, bonyeza hapa, ikilia toa. Nikawa fundi. Sasa amekuja msimamizi mpya, anasema kila mtu awe na cheti, na asiyekuwa nacho atatafutiwa kazi nyingine.

Nimepata kitabu. Kinene. Sura za mwanzo ni mikrobiolojia na hapo ndipo nilipolala. Naomba kujua: nikikariri kitabu nitapita? Hizi saa za vitendo wanazodai zinahesabiwaje? Na hiki cheti kina faida gani zaidi ya kumridhisha msimamizi?

Kimya Kimya

Nimekaa hapa pembeni nasoma.

Mkasi Butu

Kijana, usijitese. Mimi nina miaka 17 kwenye chumba hiki na cheti changu ni hii mikono. Mashine inapanda mpaka nyuzijoto 134, kuna mdudu gani wa kupona hapo? Utamaliza kitabu chako, utarudi kubonyeza kitufe kilekile.

BintiSinki

Kaka Mkasi, kwa heshima zote za hiyo miaka 17, hapo umeteleza, na ni utelezi uleule unaoangusha watu kwenye mtihani.

Mvuke hauui kwa kuwa karibu. Unaua kwa kugusa. Ukikutana na chuma baridi unageuka maji, na wakati wa kugeuka ndipo unapoachia lile joto lote uliobeba. Sasa juu ya chuma kukiwa na tabaka la damu iliyokauka, mafuta au chumvi, mvuke unakutana na tabaka, chuma chenyewe kiko chini kimejificha. Mashine itafika 134, karatasi itatoka safi, utepe utabadilika rangi, na ndani ya kifaa kuna kitu cha mgonjwa wa jana.

Nawaambia niliyoyaona. Tuliletewa kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya mirija. Siku ya kwanza tukaingiza kwenye mrija wa kufyonzea damu ambao ulikuwa rafuni, umefungwa, umetakaswa, indikata zote, vile vionyeshi vinavyobadilika rangi, ziko sawa. Ndani kulikuwa na ganda jeusi limekaa upande mmoja wa ukuta. Nani aliosha? Mimi. Brashi niliyotumia ilikuwa nyembamba kuliko tundu, ilikuwa inapita katikati bila kugusa kuta. Nilikuwa naipitisha kwa bidii kweli, mara nne mara tano, naosha hewa. Tulitoa vifaa vyote vya aina ile rafuni tukarudisha sinki, na jioni ile sikuongea na mtu.

Kwa hiyo Zamu ya Usiku, jibu la kichwa cha uzi wako: anza na sinki, lakini beba kitabu. Omba uhamishiwe upande mchafu, kule kunakooshwa vifaa, hata kama wenzako wanaukimbia. Jifunze haya kwa mkono kwanza, halafu usome sababu zake jioni:

Kifaa kinapotoka thieta kisikauke. Kilowanishwe au kipuliziwe dawa ya kukiweka na unyevu, lakini kisilowekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali, kwa sababu kloridi inatoboa chuma kisichoshika kutu kikawa na vishimo vidogo, na kishimo ni nyumba ya uchafu. Suuza kwanza kwa maji ya baridi. Maji yakizidi kama nyuzijoto 45 protini inaganda, damu inapikwa ikang'ang'ania. Piga brashi chini ya maji, usiinue kifaa juu ukasugua, matone yatakuja usoni kwako na kwa jirani yako. Mikasi na koleo zote ziwe wazi, zisiwe zimefungwa meno. Sabuni ya vimeng'enya ipimwe, isimiminwe kwa macho. Nimeona watu wanamimina nusu chupa wakidhani wanamtendea wema mgonjwa, kumbe wanaacha mabaki yasiyosuuzika.

Kuna Mjerumani aliitwa Sinner ambaye mwaka 1959 aliweka usafi kwenye duara la vitu vinne: muda, joto, msuguano na kemikali. Ukipunguza kimoja lazima kingine kiongezeke. Maji yako ni ya baridi? Basi sugua zaidi au loweka zaidi. Mimi duara hilo ndilo lililoniamsha, maana kabla ya hapo kila agizo la sinki lilikuwa amri tu ya mtu mkubwa.

Halafu kaka Mkasi, kuna kitu ambacho hizo 134 zako za dakika tatu hazikiwezi: prioni, ile protini iliyojikunja vibaya inayoleta ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Mzunguko unaotajwa sana hapo ni nyuzijoto 134 kwa dakika 18, tena baada ya kuosha, na kuna vifaa ambavyo salama yake ni kuteketezwa tu.

Mkasi Butu

Sawa, la mrija nimekubali, sisi hatuna kamera hiyo. Lakini niambie na wewe: mbona wanaletwa hapa vijana wana cheti na hawajui koleo ya Kelly na ya Crile? Nampa seti apange, ananiwekea Kocher mahali pa Kelly. Kocher ina meno! Allis anaiita Babcock. Wiki iliyopita mmoja alinifungia seti mkasi wa Metzenbaum haukati hata uzi. Alipita mtihani, anataja majina ya bakteria kama anasoma shairi.

BintiSinki

Hilo nakubaliana na wewe bila ubishi.

Mkufunzi wa Pembeni

Nimefundisha kazi hii muda mrefu, ngoja niingie hapo kwenye saa na vyeti, maana watu wengi wanajisajili kabla ya kuelewa wanachonunua.

Vyeti vinavyotajwa sana ni vya Marekani. Kuna chama cha HSPA, ambao mpaka mwaka 2021 waliitwa IAHCSMM, na cheti chao cha msingi ni CRCST. Kuna bodi ya CBSPD wenye cheti cha CSPDT. Uingereza nao wana chama chao cha taaluma, Institute of Decontamination Sciences. Hata Marekani hakuna sheria moja ya nchi nzima inayodai cheti. New York na New Jersey ni miongoni mwa majimbo yanayodai kwa sheria, kwingine ni mwajiri anaamua. Kwa hiyo usiulize humu kipi bora. Nenda kwa mwajiri wako uliza anatambua kipi, na upate jibu la maandishi.

CRCST inataka saa 400 za vitendo pamoja na mtihani. Wanafunzi wangu walizigawa hivi: 120 upande wa kuosha, 120 kukagua, kupanga na kufungasha, 96 kutakasa kwa mashine na kuua viini kwa dawa, 24 kuhifadhi na kusambaza, 24 ubora na kumbukumbu, 16 vifaa vya kuhudumia wagonjwa kama pampu. Angalieni. Kijana wetu amekaa miezi mitano anabonyeza otoklevu. Saa zote hizo zinaingia kwenye ile 96, zinajaa, zinamwagika. Kwenye kuosha ana sifuri.

Na sasa naomba niseme jambo ambalo huwa linaniudhi. Kuna wasimamizi wanakaa Ijumaa moja, wanasaini karatasi yote ya saa 400 kwa kalamu moja, wino mmoja, mwandiko wa haraka. Mwanafunzi anafurahi. Hao ndio wale wa Kelly na Crile anaowasema Mkasi. Hawakunyimwa akili, walinyimwa zile saa 120 za mezani, za kushika kila koleo, kulifungua, kuangalia mwishoni kama taya zinakutana, kuona kwamba mistari ya Kelly inaishia nusu ya taya na ya Crile inafika mpaka shina. Kitabu kina picha, ndiyo. Picha haina uzito.

Ushauri wangu: weka daftari lako mwenyewe. Kila zamu andika ulifanya nini na nani alikuwepo. Msimamizi akisaini, asaini kutoka kwenye daftari.

Kuhusu mtihani: maswali 150 ya kuchagua jibu, saa tatu. Kukariri kutakupeleka nusu ya njia. Maswali mengi yanauliza ufanye nini KWANZA, au kipi ni BORA, na unakuta majibu mawili yote ni ya kweli. Mfano: indikata ya ndani ya seti haijabadilika rangi. Kuna jibu la kuirudia seti, kuna jibu la kumwambia msimamizi, kuna jibu la kuzuia mzigo wote usitumike. Anayejua kwa nini indikata iliwekwa pale atazuia kwanza. Aliyekariri atabahatisha.

Fundi Mtarajiwa

Mwalimu, nitoe tongotongo. Bowie-Dick na kipimo cha spora huwa navichanganya. Bowie-Dick si ndiyo inaonesha kama vijidudu vimekufa?

Kimya Kimya

Ndivyo nijuavyo na mimi.

Mkufunzi wa Pembeni

Hapana, nyote wawili, na ni swali linalorudi kila mwaka.

Bowie-Dick haijui lolote kuhusu vijidudu. Inauliza jambo moja: je, mashine imetoa hewa yote? Rudi kwenye maelezo ya BintiSinki, mvuke unaua kwa kugusa. Hewa ikibaki katikati ya kifurushi, mvuke haugusi. Kipimo hiki kilitoka mwaka 1963, kimebeba majina ya Bowie na Dick, kwa ajili ya mashine mpya za wakati ule zilizofyonza hewa kwa pampu. Ndiyo maana kinafanywa kwenye mashine za vakyumu tu, ile ya kutegemea mvuke usukume hewa chini hakiihusu. Kila siku, kabla ya mzigo wa kwanza, chemba ikiwa tupu na kipimo peke yake chini karibu na tundu la kutolea hewa, nyuzijoto 134 kwa dakika tatu na nusu. Ukifungua karatasi ukaona rangi imebadilika sawasawa kote, endelea. Ukiona katikati pamepauka, hapo hewa ilijificha. Mashine isitumike.

Spora, yaani bakteria aliyejifunika gamba gumu, ndiyo inayouliza kama kilicho hai kimekufa. Kwa mvuke tunatumia Geobacillus stearothermophilus kwa sababu ni sugu mno kwa joto la unyevu. Kwa gesi ya ethileni oksidi na kwa joto kavu tunatumia Bacillus atrophaeus. Ya mvuke unaiotesha kwenye nyuzijoto 55 hadi 60, ile nyingine 35 hadi 37. Na usisahau ile ya kulinganishia, kutoka toleo hilohilo, ambayo hukuiingiza kwenye mashine: hiyo LAZIMA iote. Isipoota, kipimo chote ni batili, maana huenda spora zako zilikuwa zimekufa tangu dukani. Watu wanaona zote mbili hazijaota wanashangilia.

Jambo dogo la kuwaokoa: vitabu vya zamani vinasema indikata za kemikali za "daraja" la 1 hadi 6. Tangu kiwango cha ISO kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2014 zinaitwa "aina", kwa sababu watu walidhani daraja la 6 ni bora kuliko la 2. Aina ya 2 ndiyo hiyo Bowie-Dick. Haizidiwi wala haizidi, ina kazi yake.

Fundi Mtarajiwa

Nimeelewa kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma. Asante sana mwalimu.

Gesi Tulivu

Mniruhusu niongezee kwa wanaotumia mashine za haidrojeni peroksaidi, maana humu kila mtu anaongea mvuke. Usiweke karatasi, pamba wala kitambaa cha pamba. Selulosi inainywa ile peroksaidi, mashine inakata mzunguko. Na vifaa viwe vikavu kabisa, tone moja la maji ndani ya mrija linatosha kuharibu. Nimeshuhudia zamu nzima watu wanailaumu mashine, wameita fundi, fundi amefika, kumbe mtu alikuwa anaweka orodha ya vifaa ya karatasi ndani ya trei kama alivyozoea kwenye mvuke.

Ethileni oksidi ni hadithi nyingine. Gesi inaleta saratani, vifaa vinatakiwa kupumzishwa kwenye hewa ya moto, saa 12 kwa nyuzijoto 50 au saa 8 kwa 60. Asije mtu kukuharakisha hapo.

Sista wa Thieta

Nasoma huu uzi kimya tangu jana. Mimi niko upande wa pili wa kidirisha, mimi ndiye ninayepokea trei zenu na ndiye ninayepiga simu kwa hasira. Zamu ya Usiku ameuliza faida ya cheti na naona wote mmeruka swali lake.

Siku moja kifaa kilianguka sakafuni katikati ya upasuaji. Kilikuwa kimoja tu, hatukuwa na kingine. Daktari akasema kipelekwe mzunguko wa haraka, bila kufungwa, kirudi. Nikashuka nacho mwenyewe mbio. Kwenye kidirisha alikuwepo binti mdogo tu. Akakipokea, akaenda nacho sinki. Nikamwambia hakuna muda wa sinki, kimeanguka tu, hakijatumika. Akasema, bila kupandisha sauti, "Dada, mzunguko wa haraka unafupisha kufungasha na kukausha. Kuosha haufupishi." Akaendelea kuosha. Daktari akapiga simu. Akamjibu vilevile, akaongeza jambo moja: "Kama ni cha kubaki ndani ya mwili, niambie sasa, maana hicho sitakipitisha hivi bila kipimo cha spora." Hakikuwa cha kubaki mwilini. Tulisubiri. Mgonjwa alikuwa salama mikononi mwa daktari wa usingizi, hakuna kilichoharibika isipokuwa hasira zetu.

Kabla yake pale alikuwepo mzee mwenye uzoefu kuliko sisi wote. Na yule mzee, Mungu amsamehe, alikuwa anakipitisha. Alijua si sawa, nilimwona usoni anajua. Ila hakuwa na la kumwambia daktari. Angesema nini? "Mimi nimezoea tofauti"? Binti alikuwa na sentensi. Sijui aliipata darasani au kwenye kitabu chenu kinene, lakini alikuwa nayo mdomoni ilipohitajika.

Mkasi Butu

Hmm.

BintiSinki

Sista, nimeisoma mara mbili.

Zamu ya Usiku

Asanteni wote. Nimechapisha ujumbe wa mwalimu nimebandika kabatini. Kesho naomba kuhamia upande mchafu. Mikrobiolojia nitarudi nayo nikiwa na kahawa.

Mkufunzi wa Pembeni

Usiirukie yote kwa mkupuo. Anza na jedwali la Spaulding, ni fupi na limebeba nusu ya kitabu. Kinachoingia kwenye tishu tasa au mishipa ya damu, kitakaswe. Kinachogusa utando laini, kama endoskopu inayopita kooni, angalau kiuliwe viini kwa kiwango cha juu. Kinachogusa ngozi nzima, usafi na dawa ya kawaida vinatosha. Ukikutana na kifaa usichokijua, jiulize kinagusa wapi, halafu fungua maelekezo ya mtengenezaji. Maelekezo ya mtengenezaji ndiyo jibu la maswali mengi kuliko unavyodhani, kazini na kwenye mtihani.

Zamu ya Usiku *(miezi mitatu baadaye)*

Wakuu, naufufua uzi wangu.

Kuosha nina saa 131. Mezani nina 88, hapo nipo polepole, lakini Kelly na Crile nazitofautisha nikiwa nimefumba macho, kwa kupapasa mistari, nimejaribu mbele ya mashahidi. Daftari liko la pili.

Nilichokuja kusema ni cha leo asubuhi. Niliingia saa kumi na moja na nusu, nikaweka Bowie-Dick kama kawaida. Ikatoka na doa katikati, si kubwa, ukiwa na haraka unaweza kujisemesha kuwa ni kivuli. Nikarudia mara moja na karatasi mpya. Doa. Thieta wana orodha ndefu leo. Nikaandika kwenye kitabu cha mashine, nikaweka alama ya isitumike, nikampigia msimamizi akiwa bado nyumbani. Hakufurahi. Akauliza una uhakika, nikasema hewa haitoki, na ikibaki hewa mvuke haufiki katikati ya seti. Akanyamaza kidogo, akasema haya, hamishia mizigo mashine ya pili, namwita fundi.

Fundi amekuja saa tatu. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika kwa ndani, sehemu ambayo huioni mlango ukiwa wazi.

BintiSinki

Safi sana. Nawe andika huo muda kwenye zile 24 za ubora, ni halali yako.

Sista wa Thieta

Kwa niaba ya waliolalamika simuni asubuhi hii huko kwenu, samahani. Huwa ni sisi.

Mkasi Butu

Swali la kitaalamu. Mtu mwenye miaka 17, saa zake zinahesabika?

Mkufunzi wa Pembeni

Za hivi karibuni zinahesabika, ukiwa na msimamizi wa kuthibitisha kwa sahihi kwamba alikuona ukizifanya. Angalia masharti ya cheti unachochagua.

Mkasi Butu

Msimamizi wangu mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Atanisainije?

BintiSinki

Kwa kalamu, kaka.